Anwani ya Tovuti Inapofika Mpakani: Lugha, Nchi na Intaneti ya Goma

Si ajabu kumkuta mkazi wa Birere, mtaa wa Goma ulioegemea mpaka wa Rwanda, akiwa na laini mbili mfukoni, ya Kongo na ya Rwanda, akiwasha data kwenye ile yenye mtandao mzuri saa hiyo. Akiwasha ya Rwanda, tovuti nyingi zitasoma nambari yake ya IP na kuamua kwamba yuko Rwanda. Zitampa bei kwa faranga za Rwanda, tangazo la duka la Kigali, pengine hata ukurasa wa Kinyarwanda. Mwenyewe hajavuka Petite Barrière wala hajaonyesha kitambulisho kwa yeyote.

Kwa anayejenga tovuti ya kuhudumia Goma, Bukavu, Gisenyi na Bujumbura kwa pamoja, hali hiyo huzaa swali linaloonekana dogo hadi siku ya kununua jina: anwani iweje? Iishie na .cd au .com? Kiswahili na Kifaransa vikae chini ya anwani moja au kila kimoja na yake? Nchi itangulie, au lugha? Wengi hulijibu haraka haraka, kwa kuangalia bei ya jina na ladha ya mteja. Gharama hujitokeza miaka mitano baadaye, anwani ikiwa imeshachapwa kwenye mabango, risiti na fulana, na kila kiungo kilichotumwa WhatsApp kinaelekea mahali ambapo mwenye tovuti angependa kuhama.

Njia zinazotumika ni tatu, na zote zinaonekana kwa makampuni ambayo watu wa Goma wanayajua. Vodacom ilichagua kikoa cha nchi, yaani zile herufi mbili za mwisho zinazotaja taifa: vodacom.cd kwa Kongo, vodacom.co.tz kwa Tanzania. Kundi la benki la KCB la Nairobi, ambalo mwaka 2022 lilinunua hisa nyingi za Trust Merchant Bank ya Kongo, lilizipanga nchi zake za zamani kwa kikoa kidogo kinachotangulia jina kuu: ke.kcbgroup.com, ug.kcbgroup.com, tz.kcbgroup.com. Equity, nayo ya Nairobi, iliyounganisha benki yake ya Kongo na BCDC mwishoni mwa 2020, ilitumia folda zinazofuata jina: equitygroupholdings.com/ke, /rw, /cd.

Kwa benki, kuanza na nchi ni sawa. Akaunti ya Goma iko chini ya Benki Kuu ya Kongo, riba yake si ya Kampala, leseni yake haina kazi Kigali. Mteja wa Gisenyi anayesoma masharti ya mkopo wa Goma anapotezewa muda. Lakini hata benki, ikishataja nchi, haijamaliza kazi. Folda ya /cd inasema Kongo, haisemi lugha. Na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza kabisa, inaitaja lugha moja rasmi, Kifaransa, na lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Herufi mbili za nchi haziwezi kubeba lugha tano.

Kuna taasisi nyingine ambazo kile zinachokitoa hakibadiliki mpakani: redio, hospitali, chuo, shirika la wakulima, kituo cha kuchunguza volkano. Hizo ndizo nyingi Goma, na hizo ndizo zinazonakili mpangilio wa benki bila sababu.

Mei 2021 ilionyesha tofauti hiyo kwa namna ambayo hakuna mchoro ungeweza. Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 ya Goma ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu wakatoka: kuelekea Sake, kuelekea Rutshuru, kwa boti hadi Bukavu, na wengine wakavuka kuingia Rwanda. Ndani ya siku moja, msomaji wa habari za Goma alikuwa ametawanyika katika miji kadhaa, nchi mbili na mitandao ya simu isiyohusiana. Alichokihitaji kilikuwa kilekile: matetemeko yamepungua au la, barabara ya Sake inapitika au la, lini atarudi nyumbani. Na lugha aliyoihitaji ilikuwa ileile. Tovuti iliyomgawa kwa nchi ingemgawa vibaya, kwa sababu nchi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebadilika.

Hali hiyo haikuanza na volkano. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongomani tangu 1996. Wapo Nakivale nchini Uganda, wapo Matonge mjini Brussels, wapo katika majimbo mengi ya Marekani. Wanasoma habari za Masisi na Rutshuru kupitia laini za Tanzania, Uganda, Ubelgiji na Marekani. Kigezo kinachowaunganisha ni lugha.

Vyombo vikubwa vya habari viligundua jambo hili mapema, au vililazimishwa na bajeti kuligundua. BBC ina bbc.com/swahili, Deutsche Welle ina dw.com/sw, Umoja wa Mataifa una news.un.org/sw, na Vatican inatumia herufi zilezile mbili. Hakuna ukurasa wa Tanzania na mwingine wa Kongo; kuna wa Kiswahili, na anayekijua anaingia. Wikipedia imefanya hivyo kwa kikoa kidogo: sw.wikipedia.org ni moja kwa mwandishi wa Mombasa na wa Uvira, na jirani zake ni ln kwa Lingala na kg kwa Kikongo.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa RFI, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 2010 Dar es Salaam. Kwa nyakati tofauti idhaa hiyo imepatikana kwa kiswahili.rfi.fr, halafu sw.rfi.fr, na sasa rfi.fr/sw. Anwani tatu kwa redio moja, na mwelekeo ni mmoja: kutoka nyumba ya pembeni kuingia chumba cha nyumba kubwa. Kikoa kidogo kina faida zake. Kinaweza kukaa kwenye seva nyingine, kuendeshwa na timu nyingine, hata kutumia programu nyingine. Folda nayo hurahisisha maisha: cheti kimoja cha usalama, malipo mamoja, sifa moja mbele ya injini za utafutaji, fundi mmoja wa kuamshwa usiku. Google yenyewe husema inazielewa zote mbili. Kwa shirika la Goma lenye fundi mmoja, ambaye pengine ndiye pia anayetengeneza printa, folda inashinda.

Kila hatua ya kuhama kama hizo hudai jambo moja ambalo hupuuzwa: anwani ya zamani ielekezwe kwa kudumu kwenda mpya, ukurasa kwa ukurasa. Kuielekeza yote kwenye ukurasa wa mwanzo ni kumwambia msomaji aliyefuata habari ya mwaka 2018 kwamba aanze kuitafuta upya. Hatafanya hivyo.

Je, .cd? Hapa historia inafaa kusimuliwa kwa kirefu, maana haifahamiki vya kutosha hata miongoni mwa wanaoitumia.

Nchi ilipoitwa Zaire, kikoa chake kilikuwa .zr. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila akaingia Kinshasa, jina likabadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msimbo wa kimataifa wa nchi ukabadilika nao kuwa CD; CG ilikuwa tayari ya Kongo Brazzaville. Kikoa cha .zr kikafuatia, kikafutwa kabisa mwaka 2001. Anwani iliyoishia na .zr haikuhama yenyewe. Mwenyewe asipoihamisha, ilikufa. Yugoslavia ilipitia hayohayo: .yu ilizimwa mwaka 2010, miaka mingi baada ya nchi yenyewe kutoweka. Na tangu Uingereza itangaze mwaka 2024 kwamba itaikabidhi Mauritius visiwa vya Chagos, wenye anwani za .io, wengi wao makampuni ya teknolojia yasiyojua visiwa hivyo viko wapi, wamekuwa wakiulizana hatima yao.

Kisa cha pili ni cha kiufundi, na kinatisha zaidi. Kila kikoa cha nchi hutegemea seva za majina, zile zinazoziambia kompyuta za dunia nzima kwamba anwani fulani iko mahali fulani. Baadhi ya seva za .cd zilikuwa chini ya jina scpt-network.com, lililotokana na kampuni ya serikali ya posta na simu, SCPT. Mwishoni mwa Desemba 2020, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify, aligundua kwamba jina hilo limeachwa likaisha muda bila kulipiwa. Akalinunua yeye, kabla mwingine hajalinunua. Kwa malipo ya kawaida ya jina la .com, alikuwa ameshika karibu nusu ya maswali yote ambayo dunia ilikuwa ikiuliza kuhusu anwani za .cd. Angekuwa mwizi, angeweza kuwapeleka wateja wa benki za Kongo kwenye kurasa za bandia, au kusoma barua pepe za wizara. Almroth alitoa taarifa, seva zikahamishiwa jina jingine, na habari ikatangazwa Januari 2021.

Mtu anaweza kusoma kisa hicho na kuapa kutogusa .cd tena. Hilo lingekuwa kosa la upande wa pili. Afrika ina mifano mibaya zaidi ya majina ya bure: Gabon, Mali na Jamhuri ya Afrika ya Kati ziliiachia kampuni ya Freenom kuendesha .ga, .ml na .cf, zikajaa matapeli, na Gabon ilipokirudisha kikoa chake mikononi mwake mwaka 2023 majina mamilioni yalifutwa kwa mkupuo. Ikilinganishwa na hayo, .cd ni kikoa chenye heshima. Tume ya uchaguzi iko ceni.cd, urais uko presidence.cd, Benki Kuu iko bcc.cd. Vyombo vya habari kama actualite.cd, 7sur7.cd na politico.cd vimeifanya kuwa sehemu ya jina lenyewe. Anayeandika kuhusu siasa za Kongo kwa ajili ya Wakongomani anafaidika nayo: msomaji anaiona na kujua ni ya nyumbani, ingawa Google huihesabu .cd kama kikoa cha jumla, si dalili ya wazi kwamba ukurasa unalenga Kongo.

Sura hiyo ya nyumbani ndiyo kasoro yake kwa anayevuka mipaka. Ushirika wa kahawa wa Kalehe au Minova unaotafuta wanunuzi Ulaya na wakati huohuo kuwaarifu wanachama wake bei za msimu, ukijifungia katika .cd, unamwonyesha mnunuzi wa Brussels kwamba haumlengi sana. Virunga wamelikwepa hilo: hifadhi hiyo, yenye makao yake Rumangabo, hutumia virunga.org kwa uhifadhi na visitvirunga.org kwa watalii. Jina .africa, lililofunguliwa kwa umma mwaka 2017 baada ya miaka ya kesi na mabishano, ni chaguo la kati. Airtel imelichukua kwa airtel.africa. Haliwi na uzito wa nchi yoyote, ingawa bado ni geni machoni pa watu wengi.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na njia ya mkato: mwenye .com au .org aliingia katika chombo cha Google cha wenye tovuti na kuchagua nchi anayoilenga. Google iliuondoa uwezo huo wa kuchagua nchi mwaka 2022. Yenyewe pia imepunguza imani katika herufi za nchi. Tangu 2017 matokeo ya utafutaji hufuata mahali ulipo mtafutaji hata akiandika anwani ya nchi nyingine, na Aprili 2025 ilitangaza kwamba anwani zake za nchi, za jamii ya google.cd na google.rw, zitaelekezwa google.com. Hilo halimaanishi kwamba vikoa vya nchi vimepoteza maana kwa tovuti nyingine. Linaonyesha tu kwamba kampuni yenye fedha za kuhudumia kila nchi kwa anwani yake imeona kazi hiyo haina faida tena.

Lugha ikishatangulia, linafuata suala la kuiandika. Herufi mbili za lugha na herufi mbili za nchi hutoka katika orodha mbili tofauti, na wanaozichanganya ni wengi. Katika eneo la Maziwa Makuu mtego umetegwa kila mahali. Herufi rw ni Rwanda katika orodha ya nchi na Kinyarwanda katika orodha ya lugha, hivyo anayekosea hapo anapona kwa bahati, na hujifunza somo la uongo. Akijaribu ug kwa Uganda katika nafasi ya lugha, ameandika Kiuyghur cha magharibi ya China. Akiandika bi akidhani ni Burundi, ameandika Kibislama cha Vanuatu. Kirundi ni rn. Upande wa pili, kg ni Kikongo kama lugha na Kirgizistani kama nchi, na lu ni Kiluba cha Katanga kama lugha na Luxembourg kama nchi. Herufi cd hazimo kabisa katika orodha ya lugha. Na kosa linalowauma zaidi watu wa Goma ni kuandika fr-CG, kwa kuwa orodha nyingi za kuchagua nchi huweka Kongo mbili bega kwa bega. Ukurasa huo umeandikiwa Brazzaville.

Kiswahili chenyewe kina herufi sw, na orodha pana ya herufi tatu imekigawa: swh kwa cha pwani, swc kwa cha Kongo. Unicode, katika hazina yake ya CLDR inayozisaidia simu na kompyuta kupanga tarehe, namba na sarafu, inatambua sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD. Kwa hiyo nyenzo za kutenganisha zipo. Zitumike?

Wapo waliojibu ndiyo kwa vitendo. Mashahidi wa Yehova wana jw.org/sw na, kando yake, jw.org/swc kwa Kiswahili cha Kongo, kila moja na tafsiri yake. Wana jeshi la watafsiri wa kujitolea, na wanazungumza na mtu mlangoni kwake kuhusu mambo ya moyoni. Kwao tofauti ya sauti ina uzito. Shirika lenye mtafsiri mmoja halina sababu ya kuwafuata. Msomaji wa Goma hufuatilia BBC na RFI kwa Kiswahili sanifu bila tabu kubwa, na kurasa mbili zinazofanana kwa asilimia tisini huishia kuwa moja iliyosasishwa na moja iliyosahaulika. Palipo na haja ya kweli, kwa mfano maelekezo ya chanjo au ya kuhama wakati wa volkano, afadhali kutengeneza sauti kwa Kiswahili cha Goma na kuiweka ndani ya ukurasa uleule wa /sw.

Lugha ndogo zaidi zina tatizo jingine. Kinande kina msimbo nnb, Kihunde hke, Kihavu hav, Mashi shr. Folda ya /nnb inafungika bila shida, na lugha inaweza kutajwa ndani ya ukurasa kwa ajili ya vivinjari na programu za kuwasomea wasioona. Lakini alama ya hreflang, ambayo Google iliileta mwaka 2011 ili kurasa za lugha mbalimbali zijulishane, imejengwa juu ya orodha ya herufi mbili. Kinande hakimo humo. Mwenye ukurasa wa Kinande atategemea viungo vya kawaida na watu wenyewe kusambaziana.

Alama hiyo ya hreflang ni rahisi kueleza na rahisi kuharibu. Kila ukurasa hutaja ndugu zake: toleo la Kifaransa liko hapa, la Kiswahili pale, la Kiingereza kule. Hujitaja na wenyewe. Anwani huandikwa kamili, kuanzia https. Na lazima ndugu waitikiane: ukurasa wa Kifaransa ukimtaja wa Kiswahili, huku wa Kiswahili ukinyamaza, Google huenda ikapuuza alama zote mbili. Nchi huongezwa tu pale inapobadili kitu, na kamwe haisimami peke yake. Tangu 2013 kuna pia x-default, kwa msomaji ambaye lugha yake haimo; kwa tovuti ya Goma hapo ni mahali pa ukurasa mwepesi wenye majina ya lugha, kila jina limeandikwa kwa lugha yake. Bendera hazifai. Bendera ya Tanzania kwa ajili ya Kiswahili humshangaza Mkongomani, na ya Kongo humshangaza Mtanzania.

Sasa turudi kwa mwenye laini mbili, maana kosa kubwa kuliko yote hufanyika kwake, nalo hufanywa kwa nia njema. Fundi anaweka programu inayosoma IP na kumpeleka mgeni moja kwa moja kwenye ukurasa wa nchi yake. Ofisini Kinshasa au Nairobi inafanya kazi vizuri. Goma inawapeleka wasomaji Kigali. Zaidi ya hapo, roboti ya Google hutambaa kwa kiasi kikubwa ikitokea Marekani; tovuti inayomsukuma kila Mmarekani kwenye Kiingereza inaweza kuificha Google ukurasa wake wa Kiswahili usionekane milele. Kusoma lugha ya kivinjari kuna afadhali kidogo, lakini simu nyingi za Goma zimewekwa Kifaransa tangu dukani, na mwenye simu anaongea Kiswahili kutwa. Kinachofaa ni utepe mdogo juu ya ukurasa unaouliza, unaokubali kukataliwa, na unaokumbuka jibu. Asukumwe mtu yeyote bila kuulizwa? Hapana, hata mara moja.

Kosa jingine baya ni kuweka lugha mbili kwenye anwani moja na kuzibadilisha kwa kidakuzi. Anayebofya kitufe cha Kiswahili anasoma Kiswahili. Akituma kiungo kwa mama yake kule Beni, mama anafungua Kifaransa. Anwani yenye ?lang=sw mwishoni inaponya hilo nusu tu, kwa kuwa watu huikata wanapoinakili, na Google yenyewe haiipendekezi.

Maneno ya ndani ya anwani nayo yatafsiriwe, na hapo Kiswahili kina raha yake. Hakina alama juu ya herufi. Kifaransa hulazimika kuvua nguo, ndiyo maana gazeti la mtandaoni la Kinshasa linaandikwa actualite.cd bila ile alama ambayo kila mwanafunzi huadhibiwa kwa kuisahau. Kiswahili kina shida moja tu, ile alama ya ng' katika ng'ombe, ambayo baadhi ya programu huitupa na nyingine huigeuza kuwa %27. Ni vyema uamuzi ufanywe mara moja na kufuatwa. Ukurasa wa bei za kahawa uwe /sw/bei-ya-kahawa na mwenzake /fr/prix-du-cafe. Anayeusoma kwenye WhatsApp kabla ya kuufungua anajua unahusu nini, jambo lenye thamani pale mega zinapohesabiwa.

Anwani nzuri, hata hivyo, haizalishi maandishi. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle tarehe 25 Februari 2002, husikika kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa. Tovuti yake, radiookapi.net, karibu maandishi yake yote ni ya Kifaransa. Si kosa la anwani. Ni ushahidi kwamba kuongea Kiswahili hewani na kukiandika kila siku ni gharama mbili tofauti. Walau hawakufungua folda tano na kuziacha nne tupu, kama zifanyavyo tovuti nyingi za mashirika: unabofya Kiswahili, menyu inabadilika, habari zinabaki za Kifaransa. Injini ya utafutaji inaona kurasa mbili zenye maneno yaleyale. Msomaji anaona amedanganywa. Lugha ambayo haina mtu wa kuiandika isipewe folda.

Mahali pa seva hapana uzito mkubwa katika utafutaji siku hizi, ila kwa kasi bado pana. Kongo ina vituo vya kubadilishana data ndani ya nchi, KINIX Kinshasa, LUBIX Lubumbashi na GOMIX hapahapa Goma, na kazi yao ni kuzuia habari iliyoandikwa mtaa wa Himbi isizunguke Ulaya kabla ya kusomwa mtaa wa Katindo.

Linabaki jambo la umiliki, ambalo halionekani katika anwani lakini ndilo linaloiua mara nyingi. Waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na malipo yoyote ya kila mwaka yaliyotegemea akaunti ya hapo yakawa mashakani. Jina la kikoa halisubiri vita viishe. Likipita muda wake linarudi sokoni, na kisa cha scpt-network.com kinaonyesha kwamba hata kampuni ya dola inaweza kupitiwa. Majina mengi ya taasisi ndogo, zaidi ya hayo, yameandikishwa kwa jina na barua pepe ya kijana aliyejenga tovuti, ambaye leo yuko Kampala au hajulikani alipo.

Mkurugenzi wa shirika lolote la Goma anayesoma haya amwombe fundi wake leo vitu vitatu: jina limeandikishwa kwa nani, linaisha lini, na nani ana nywila. Alilipie kwa miaka mitano au kumi kama msajili anaruhusu, kwa jina la shirika, na barua pepe ya kurejesha nywila isiwe chini ya kikoa hichohicho.